M ya Mtu na M ya Mbuzi: Dhana ya Silabi katika Uhakiki wa Mizani

Miongoni mwa istilahi ambazo somo la fasihi limeazima kutoka fonolojia, hakuna inayotumiwa mara nyingi zaidi kuliko silabi, na pengine hakuna inayochukuliwa kwa wepesi zaidi. Mtahiniwa anayetakiwa kueleza umbo la shairi huandika bila kusita kwamba kila mshororo una mizani 16, yaani 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Ukimwuliza amezipataje, atakuonyesha vidole vyake. Vidole si kosa. Hata malenga hodari huvitumia. Swali ni je, kila kidole kilichoinuliwa kiliinuliwa kwa sababu gani?

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba silabi haihesabiwi kwa jicho, na kwamba katika sehemu nyingi za shairi la Kiswahili haiwezi kuhesabiwa sawasawa kabla ya maana ya mshororo kueleweka. Jambo hili si la ziada kwa wapenzi wa isimu pekee. Mhakiki anapotangaza kwamba shairi fulani ni guni, au kwamba mshairi ametumia inkisari mahali fulani, huwa ametoa hukumu. Hukumu hiyo ikiwa imejengwa juu ya hesabu mbovu, mtahiniwa hupoteza alama na mshairi hupoteza heshima yake bila hatia.

Tuanze na fasili. Ile inayozunguka sana madarasani husema kwamba silabi ni herufi moja au zaidi zinazotamkwa kwa pamoja. Fasili hii ina nusu ya ukweli katika kitenzi "kutamkwa" na nusu ya upotofu katika nomino "herufi". Herufi ni alama ya maandishi. Silabi ni kipande cha sauti, yaani pigo moja la matamshi ambalo kiini chake kwa kawaida ni irabu. Neno "oa" lina herufi mbili na silabi mbili: o-a. Neno "ng'ombe" lina herufi sita na silabi mbili vilevile: ng'o-mbe. Anayehesabu kwa macho ataona neno fupi na neno refu, ilhali sikio litasikia maneno mawili yenye urefu sawa. Ndiyo sababu mshairi anaweza kuliweka moja mahali pa jingine bila mizani kutikisika.

Irabu zinazofuatana hazisumbui sana, ingawa hata hapo wako wanafunzi wanaohesabu "kaa" kuwa silabi moja iliyovutwa. Shadda huwasahihisha. Katika Kiswahili, shadda huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache ya mkopo. Tamka "kondoo": mkazo uko kwenye "ndo", kwa hivyo "o" ya mwisho ni silabi inayojitegemea, ko-ndo-o. Vivyo hivyo "maarifa" ina silabi nne na "saa" ina mbili. Kwa upande mwingine, konsonanti ikifuatwa na nusu-irabu, kama katika "kwa", "mwana" na "afya", hatuongezi silabi: kwa, mwa-na, a-fya. Haya yanajulikana, na hatuna haja ya kuyakalia.

Penye mtego ni kwenye nazali, au ving'ong'o, hasa /m/ na /n/ zinapotangulia konsonanti nyingine. Hapa ndipo hesabu za wanafunzi wetu hutofautiana, na za walimu pia, tukisema kweli. Tazama maneno mawili ambayo kila mtoto wa chekechea anayajua: "mtu" na "mbuzi". Yote mawili yanaanza kwa m inayofuatwa na konsonanti. Hata hivyo, m ya "mtu" ni silabi kamili, m-tu, ilhali m ya "mbuzi" si silabi. Imeungana na b kuwa sauti mwambatano moja, na neno zima lina silabi mbili tu, mbu-zi. Kwa nini?

Jibu limo katika mofolojia. M ya "mtu" ni kiambishi ngeli ambacho asili yake ni "mu". Irabu ya kiambishi hicho imedondoka katika Kiswahili sanifu, lakini pigo lake halikudondoka pamoja nayo. M yenyewe imelirithi. Ushahidi hauko mbali. Kiswahili cha Kongo bado kinasema "mutu". Kiamu kinasema "mui" pale tunaposema "mji", na maneno yote mawili yana silabi mbili, mu-i na m-ji. Lugha nyingi za Kibantu nchini Kenya zimeihifadhi irabu hiyo pia: Wakikuyu na Wakamba husema "mũndũ", na Wameru husema "muntu". Ama m ya "mbuzi" haikutokana na "mu" hata kidogo. Hiyo ni nazali ya ngeli ambayo zamani iliitwa ya N, na Mkikuyu anayesema "mũndũ" husema "mbũri", wala hasemi "mũbũri". Mwalimu aliye Nyeri au Machakos anaweza kulitumia jambo hili darasani asubuhi ya kesho, bila kitabu. Mwanafunzi anayechekwa kwa kusema "mutu" kumbe ana sikio zuri la mizani kuliko anayemcheka.

Kutokana na asili hiyo tunapata kanuni. M iliyotokana na "mu" ni silabi kila inapofuatwa na konsonanti, iwe ni kiambishi cha umoja katika ngeli ya A-WA (m-ga-ngu-zi), cha umoja katika ngeli ya U-I (m-go-mba), cha mtendwa (a-li-m-pi-ga), cha nafsi ya pili wingi (m-me-fi-ka), au cha mahali pa ndani (m-le). Ikifuatwa na irabu, hugeuka mw na kupoteza usilabi wake: mwa-li-mu, a-li-mwi-ta. Nazali ya ngeli nyingine, ile ya mbuzi, ndege, njia, nguo na nzige, si silabi: mbu-zi, nde-ge, nji-a, ngu-o, nzi-ge.

Kanuni hii ina upande wa pili ambao wengi huusahau. Shina la neno likiwa na silabi moja tu, nazali hulazimika kuwa silabi hata kama haikutokana na "mu". Neno linahitaji silabi ya pili kutoka mwisho ili shadda ipate pa kukaa. Kwa hivyo "mbwa" ni m-bwa, "mbu" ni m-bu, "nge" ni n-ge, "nje" ni n-je, "nta" ni n-ta na "nchi" ni n-chi. Tamka "mbwa" kwa sauti na usikilize mkazo uko wapi. Uko kwenye m. Sauti isiyo silabi haiwezi kubeba shadda.

Kuhusu "nchini", kuna wanaodai kwamba shadda ikishahamia "chi", n haina tena sababu ya kuwa silabi. Sikubaliani nao. N huungana na konsonanti inayofuata pale ambapo konsonanti hiyo ni ghuna, kama d, g, j na z. Angalia vivumishi: tunasema nyumba ndefu, nyumba nzuri na nyumba mbaya, lakini nyumba chafu, nyumba pana na nyumba kubwa, kwa kuwa nazali ya ngeli hiyo haikai mbele ya ch, p na k. Iliyobaki katika "nchi" imebaki kwa sababu ni silabi, na kuongezwa kwa "-ni" hakuiondolei hali hiyo. Nahesabu n-chi-ni, silabi tatu.

Vipimo viwili vinamtosha mtahiniwa. Kwanza, aligeuze neno katika wingi au abadilishe nafsi. M ikiondoka, ilikuwa kiambishi, na kwa hivyo ni silabi: mtu, watu, mbuyu, mibuyu, alimpiga, aliwapiga. Ikibaki, kama katika mbuzi wengi na mboga nyingi, atumie kipimo cha pili: je, baada ya nazali imebaki silabi moja tu? Ikiwa ndiyo, nazali ni silabi. Ikiwa siyo, si silabi.

Sasa tufike palipo na utamu. Kuna maneno ambayo yameandikwa kwa herufi zilezile lakini yana idadi tofauti za silabi. "Mbuni" ni ndege mkubwa asiyeruka. "Mbuni" ni mti wa buni, yaani mkahawa. "Mbuni" ni mtu anayebuni. Ndege ni mbu-ni, silabi mbili, kwa kuwa wingi wake ni mbuni. Mti ni m-bu-ni, silabi tatu, kwa kuwa wingi wake ni mibuni. Mtu ni m-bu-ni vilevile, kwa kuwa wingi wake ni wabuni. Hali kadhalika "mvua" inayonyesha ni mvu-a, lakini mvua samaki, yule anayevua, ni m-vu-a.

Vivumishi navyo havisazwi. "Mbaya" na "mbovu" huwa na silabi tatu vikisifu nomino ya ngeli ya A-WA au U-I katika umoja (mtu m-ba-ya, mti m-bo-vu, kwa kuwa tunasema watu wabaya, miti mibovu), na huwa na silabi mbili vikisifu nyumba (nyumba mba-ya, nyumba mbo-vu, moja au mia). Ndani ya vitenzi hali ni hiyohiyo. "Kambani", yaani kwenye kamba, ni ka-mba-ni. "Kambana", yaani akambana mtu, ni ka-m-ba-na. Herufi moja tu imebadilika mwishoni, lakini silabi imezaliwa katikati.

Chukua kipande hiki: "Mbuni wetu amekufa". Kina mizani mingapi? Hakuna anayeweza kujibu kwa kukitazama kikiwa peke yake. Ikiwa aliyekufa ni ndege, mizani ni 8. Ikiwa ni mtu aliyekuwa akibuni mambo, ni 9. Upatanisho wa kisarufi hausaidii hapa, kwa kuwa ndege na mtu wote huchukua "wetu" na "ame-". Mshororo ukikamilika hivi:

Mbuni wetu amekufa, manyoya yatapakaa

basi manyoya yanatuambia ni ndege, na mizani imetimia, 8 kwa 8. Lakini mshairi anayemlilia mvumbuzi hana budi kusema vingine, kwa mfano:

Mbuni wetu hayuko, mashine zimenyamaza

Hapo m-bu-ni imechukua mizani mitatu, na "hayuko" mitatu badala ya minne ya "amekufa". Nane imerudi mahali pake. Msomaji anayehesabu silabi za "mbuni" kuwa mbili katika mishororo yote miwili atasema kwamba ukwapi wa pili una mizani 7 na kumlaumu mshairi kwa kupungukiwa. Kumbe aliyepungukiwa ni msomaji.

Jambo hili linafanya kazi kinyume pia, na hapa ndipo mhakiki anapopata faida ambayo hesabu ya vidole haikumwahidi. Tukijua kwa yakini kwamba shairi ni la 8 kwa 8 na kwamba mshairi wake ni mwangalifu, mizani inaweza kutuamulia maana. Kipande chenye "mbuni" ambacho kinatimiza 8 kwa silabi mbili tu kinamzungumzia ndege, hata kama mazingira ya ubeti yanaacha shaka. Mizani hapa imekuwa ushahidi wa maana, kama tamathali ya usemi au uteuzi wa msamiati unavyoweza kuwa. Ni majibu machache ya wanafunzi yanayofika huko, kwa sababu wamezoeshwa kuandika idadi kama tarehe ya kuzaliwa, kisha kuiacha.

Ili kulijaribu hili darasani, hebu tutumie ubeti ufuatao. Umetungwa kwa ajili ya zoezi hili, na haudai kuwa na sifa nyingine:

Mtu mbovu tabia, mbwa humshinda wema,
Nchi nzima yaumia, nyumba mbovu yainama,
Njaa nayo yaingia, mbuzi zizini wahama,
Mbegu njema hupotea, kwa mvua iliyokoma.

Mwanafunzi wa kwanza hatambui nazali yoyote kuwa silabi. Kwake "mtu" ni silabi moja na "mbwa" ni moja. Atapata mizani 6 kwa 6 katika mshororo wa kwanza, 7 kwa 8 katika wa pili, na 8 kwa 8 katika miwili ya mwisho. Ataandika kwamba mizani haina urari, na huenda akaongeza kwamba mshairi amekiuka arudhi ili kuonyesha jamii iliyovurugika! Maelezo ya namna hii huvutia, na mwalimu asiyehesabu mwenyewe anaweza kuyapa alama.

Mwanafunzi wa pili amesikia kwamba m na n huweza kuwa silabi, na sasa anazitambua kila mahali neno linapoanza na nazali na konsonanti. Kwake mshororo wa kwanza ni sawa, 8 kwa 8. Wa pili unakuwa 9 kwa 9, kwa kuwa amesoma n-zi-ma na m-bo-vu. Wa tatu ni 9 kwa 9, na wa nne ni 10 kwa 9. Yeye naye atasema urari haupo.

Hesabu sahihi ni hii. Mshororo wa kwanza: m-tu m-bo-vu ta-bi-a, m-bwa hu-m-shi-nda we-ma. Wa pili: n-chi nzi-ma ya-u-mi-a, nyu-mba mbo-vu ya-i-na-ma. Wa tatu: nja-a na-yo ya-i-ngi-a, mbu-zi zi-zi-ni wa-ha-ma. Wa nne: mbe-gu nje-ma hu-po-te-a, kwa mvu-a i-li-yo-ko-ma. Ni 8 kwa 8 tangu mwanzo hadi mwisho. Neno "mbovu" limetokea mara mbili, katika mshororo wa kwanza likiwa na silabi tatu kwa ajili ya mtu na katika wa pili likiwa na silabi mbili kwa ajili ya nyumba. "Nchi nzima" ina nazali mbili zinazofuatana, ya kwanza silabi na ya pili siyo. Mwalimu atakayeuweka ubeti huu ubaoni awaache wanafunzi wabishane kwanza kabla ya kuwapa vipimo. Ubishi huo una faida kuliko maelezo yetu.

Tukitoka kwenye mizani tunaingia moja kwa moja katika idhini ya kishairi, na hapa ndipo dhana ya silabi inapotumiwa vibaya zaidi. Inkisari hufasiliwa kuwa kufupisha neno ili kutosheleza mizani, na mazda kuwa kurefusha neno kwa sababu iyo hiyo. Kinachofupishwa au kurefushwa ni idadi ya silabi. Wanafunzi huangalia herufi. Wakiona "mhogo" mahali pa "muhogo" wanaandika inkisari, kwa kuwa u imetoweka. Lakini m-ho-go ni silabi tatu na mu-ho-go ni silabi tatu. Mshairi hakupata chochote kwa kuiacha u hiyo, na asiyepata chochote hakutumia inkisari. Ametumia umbo jingine la neno. Linganisha na "nilimuona" na "nilimwona". La kwanza ni ni-li-mu-o-na, tano. La pili ni ni-li-mwo-na, nne. Hapo pana upungufu wa kweli.

"Ntakuja" badala ya "nitakuja" ni mfano unaostahili kukaliwa zaidi. Irabu imedondoka, na jicho linashuhudia. Sikio linashuhudia vingine: ni-ta-ku-ja, nne, n-ta-ku-ja, nne. N imerithi pigo la irabu iliyodondoka kama m ya "mtu" ilivyorithi la "mu". Washairi wa Mvita hulijua jambo hili vyema, na wengi huandika n' yenye ritifaa ili msomaji asiimeze. Abdilatif Abdalla, ambaye aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa kifungoni, ana shairi katika diwani hiyo ambalo anwani yake yenyewe inaanza na n' ya namna hiyo. Anayeihesabu n' hiyo kuwa si kitu atapata upungufu wa mzani mmoja ambao haumo. Kinyume chake, "kanambia" kwa "kaniambia" ni inkisari halisi: silabi tano, ka-ni-a-mbi-a, zimekuwa nne, ka-na-mbi-a.

Upande wa kurefusha kuna "kujuwa" kwa "kujua". Wanafunzi wengi husema mazda, kwa sababu herufi w imeongezeka. Ku-ju-a ni tatu na ku-ju-wa ni tatu. Hakuna kilichorefuka. Sauti imebadilika bila mizani kubadilika, na hiyo ndiyo tabdila. Mara nyingi mshairi huwa ameitafuta "wa" kwa ajili ya kina, si kwa ajili ya mizani, na mhakiki anayesema mazda anakuwa amekosa hata kuona sababu. "Afiya" kwa "afya", kwa upande mwingine, ni mazda bila ubishi: a-fya ni mbili, a-fi-ya ni tatu. Naona kwamba jibu la mtahiniwa kuhusu idhini ya kishairi lingepaswa kuambatana na mgawanyo wa silabi za maumbo yote mawili. Ni mstari mmoja tu wa ziada, nao unamlinda dhidi ya kubahatisha.

Vina pia vinategemea mahali tunapokata silabi. Kina ni silabi ya mwisho ya kipande. Mwanafunzi anayekata "kamba" kuwa kam-ba atasema kina chake ni "ba" na kwamba kinalingana na cha "baba". Lakini silabi asilia za Kiswahili huishia kwa irabu, na mb ni sauti mwambatano moja: ka-mba. Kina ni "mba", na mwenzake ni "shamba", "chemba" au "nyumba". Mshairi anayelinganisha "kamba" na "baba" ana vina vya karibu, na mhakiki ana haki ya kulitaja hilo. Iwapo analiona kuwa dosari au uhuru, hilo litategemea jinsi shairi zima linavyojiendesha.

Waandishi wa zamani hawakulihitaji somo hili. Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, nazali iliyotangulia b au d mara nyingi haikuandikwa kabisa. Msomaji aliachiwa kuijaza mwenyewe. Mwandishi aliisikia mb kuwa sauti moja na akaiandika kwa herufi moja. Hati za Kirumi zimetuonyesha kila herufi, na katika kutuonyesha zimetufanya tuhesabu tunachokiona. Kaluta Amri Abedi alipozichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliwaandikia watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kuyasikia mashairi yakighaniwa kabla ya kuyaona yameandikwa. Watahiniwa wetu wengi hukutana na shairi kwa mara ya kwanza kwenye karatasi, kimya, ndani ya chumba cha mtihani. Ndipo tunaposhauri kwamba mashairi yasomwe kwa sauti, na ikiwezekana yaimbwe, mara nyingi iwezekanavyo kabla ya mtihani. Anayeimba "mtu" huipa m noti yake. Anayeimba "mbuzi" hawezi kuipa m noti bila wenzake kucheka.

Yabaki maneno ya mkopo yenye silabi funge, kama "maktaba", "daftari" na "labda". Walimu hubishana iwapo ni mak-ta-ba au ma-kta-ba. Kwa mizani ubishi huo hauna tija, kwani kwa vyovyote vile silabi ni tatu. K haina irabu yake na si nazali, kwa hivyo haiwezi kusimama peke yake. Anayehesabu ma-k-ta-ba, nne, amekosea kwa njia zote mbili. Mshairi mwenyewe anaweza kuichomeka irabu akitaka pigo zaidi, akasema "dafutari" au "labuda", au akaiondoa akitaka pigo pungufu, akasema "wakti" badala ya "wakati". Mtahiniwa anayekutana na "labuda" aandike mazda, na aonyeshe: lab-da, mbili, la-bu-da, tatu. Akikutana na "wakti" aandike inkisari: wa-ka-ti, tatu, wak-ti, mbili.